Kabla ya Kuogelea Sanje, Tazama Mlimani

Wageni wanaofika Mang'ula, langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, hawakosi kuuliza swali hili: kule Sanje panaogeleka? Jibu fupi ni ndiyo. Chini ya maporomoko ya Mto Sanje kuna mabwawa ya asili yenye maji maangavu, na watembeaji waliolowa jasho la kupanda mlima huvua viatu wakaingia. Lakini jibu hilo fupi linaacha nje jambo ambalo kila mpenda maji ya porini angefaa kulijua. Mto ule ule ukishateremka tambarare, ukapita kwenye mifereji ya mashamba na vivuko vya vijiji, si mto wa kumshauri mtu aogelee. Umbali ni wa kilomita chache tu, na kwa macho maji yanaweza kuonekana yale yale. Kilichobadilika ni kile ambacho maji yamekipitia kabla ya kukufikia.

Hiyo ndiyo hoja ya makala haya. Usafi wa bwawa la asili, kina chake, baridi yake, hata kuwapo kwake wakati wa kiangazi, yote huamuliwa juu ya bwawa, kwenye msitu ambao muogeleaji hata hageuzi shingo kuutazama. Anayejifunza kuutazama atajua lini aingie majini na lini abaki kwenye jiwe. Atajua pia kwa nini bwawa la starehe linahusiana na kuni za jikoni kwa mtu mwingine.

Mahali penyewe

Udzungwa ndiyo ncha ya kusini ya Milima ya Tao la Mashariki, msururu unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, na kuishia hapa, kati ya mikoa ya Iringa na Morogoro. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Ndani ya eneo hilo ardhi inapanda kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi kilele cha Luhombero chenye mita 2,576, na upande wa mashariki msitu unaifuata ardhi hiyo kutoka chini hadi juu bila kukatika. Misitu ya namna hiyo imebaki michache sana Afrika Mashariki, kwa sababu kwingineko sehemu ya chini ya mlima ndiyo iliyotangulia kugeuzwa shamba.

Anayesafiri kutoka Mikumi kwenda Ifakara anaona jambo hili bila kushuka kwenye gari. Mkono wa kulia umesimama ukuta wa kijani kibichi, na mkono wa kushoto yametandazwa mashamba ya miwa na mpunga ya Bonde la Kilombero. Sehemu nyingine mpaka kati ya pande hizo mbili ni hatua chache tu. Msafiri anayeukumbuka mpaka huo atauelewa Mto Sanje kuliko aliyesoma vipeperushi vyote vya utalii.

Udzungwa ni hifadhi ya miguu. Haina mtandao wa barabara za magari ndani, na mgeni hutembea akiwa na mwongozaji. Maporomoko ya Sanje yanadondoka kwa ngazi tatu ambazo zikijumlishwa hufikia mita 170, na kupanda hadi juu na kurudi ni matembezi ya nusu siku. Njiani, mwenye bahati hukutana na mbega mwekundu wa Udzungwa, au husikia mlio mzito wa tumbili ambaye wenyeji walimjua zamani kwa jina la ng'olaga. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, wakampa jina la Sanje. Ndege wa jamii ya kwale anayepatikana kwenye misitu ya Udzungwa naye hakutambuliwa na wanasayansi hadi mwaka 1991. Wanyama hawa waliweza kukaa muda mrefu hivyo bila kuingia kwenye vitabu kwa sababu msitu wao ni mnene, mwinuko wake ni mkali na watu wanaoishi ndani hawapo. Sababu hizo hizo ndizo zinazoyafanya maji ya Sanje yawe yalivyo.

Bwawa huchimbwaje

Tuanze na bwawa lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mto umekuta shimo ukalijaza. Ukweli ni kwamba maporomoko yamelichimba shimo hilo yenyewe, na kazi bado inaendelea.

Miamba ya Udzungwa ni ya kale sana na ni migumu, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo ndani ya ardhi kabla ya kuinuliwa pamoja na mlima. Maji matupu hayawezi kuula mwamba wa namna hiyo kwa haraka. Yanayofanya kazi hasa ni mawe. Masika, mto unapofura, unabeba kokoto na mawe makubwa, unayadondosha chini, na maji yanayozunguka kwa nguvu yanayasagia sakafuni kama mchi kwenye kinu. Msimu baada ya msimu sakafu inalika, mawe yenyewe yanakuwa ya mviringo na laini, na yale yanayosagika kabisa huondoka yakiwa mchanga. Mto ukipungua kiangazi, shimo linabaki, limejaa maji tulivu.

Kuelewa hivyo kuna faida ya moja kwa moja kwa muogeleaji. Bwawa la namna hii huwa na kina kikubwa karibu na mahali maji yanapoangukia, na kina kinapungua kadiri unavyokwenda kwenye mdomo wake, ambako mto unatoka na kokoto zinarundikana. Kwa hiyo mahali pa kuingilia ni mdomoni, hatua kwa hatua, ukiona unapokanyaga. Kujirusha kutoka kwenye mwamba wa pembeni ni kuchagua kuanzia mahali usipopajua. Na kwa kuwa kila masika huhamisha mawe na magogo, mahali watu walipojirusha salama mwaka jana panaweza kuwa na gogo limelala chini mwaka huu.

Maji ya kiangazi hutoka wapi

Jambo la pili ni la kushangaza zaidi kuliko la kwanza. Mvua kubwa za pande hizi huisha Mei. Juni, Julai, Agosti na Septemba tambarare inakauka, vumbi linapanda barabarani, na bado Sanje inaporomoka. Maji hayo yametoka wapi?

Yanaanzia Bahari ya Hindi. Upepo wenye unyevu unavuka pwani, unagonga miteremko ya mashariki, unalazimika kupanda, unapoa, na unyevu wake unageuka mawingu na mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki wa Udzungwa hupata mvua inayoweza kufikia milimita 2,000 kwa mwaka, huku upande wa magharibi, nyuma ya mlima, ukibaki mkavu zaidi. Juu kabisa, hata siku isiyo na mvua, ukungu unapita kati ya miti, unanasa kwenye majani na kuvumwani za magomeni, na kudondoka chini tone kwa tone.

Hapa inafaa kuwa waangalifu. Husemwa mara nyingi kwamba miti huleta maji, mtu akaelewa kwamba ukipanda mti wowote popote, chemchemi itatokea. Sivyo. Miti nayo hunywa maji, na mingi hunywa sana. Kinachofanywa na msitu wa asili ni kuitunza ardhi ipokee maji. Matone makubwa yanavunjwa na majani kabla ya kugusa udongo. Chini kuna tabaka nene la majani yaliyooza, limejaa minyoo, mchwa na uyoga. Mizizi hai na iliyokufa imeacha vijia vingi ardhini. Mvua ikinyesha, maji yanazama badala ya kukimbia juu ya udongo, yanapenya taratibu kwenye nyufa za mwamba, na yanatokea mtoni wiki au miezi baadaye. Maji unayoyaogelea Agosti huenda ni mvua ya Aprili iliyocheleweshwa na ardhi.

Msitu ukikatwa, mvua haikomi papo hapo, bali udongo hufungwa. Ukipigwa na jua na matone, ukikanyagwa, unakuwa mgumu juu, na maji yanakimbia badala ya kuzama. Mto unafura kwa saa chache ukiwa na rangi ya matope, kisha unanywea. Matope yale yanashuka na kutua mahali maji yanapopungua kasi, yaani bwawani. Kina kinapungua, jua linafika chini, maji yanapata joto, na majani ya majini yanaota. Huo si mwisho wa mandhari nzuri tu. Ni mwanzo wa ugonjwa.

Kichocho na umuhimu wa kilichoko juu

Mtu yeyote aliyekulia karibu na mito ya Afrika Mashariki ameonywa kuhusu kichocho. Onyo ni la kweli, ila mara nyingi hutolewa bila maelezo, kwa hiyo mtu hubaki ama anaogopa maji yote au hayaogopi yoyote.

Kichocho husababishwa na minyoo ambao kwa kawaida hawakamilishi maisha yao bila vitu vitatu: mtu, maji yasiyo ya chumvi, na konokono wa aina maalumu. Mayai hutoka kwenye mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini yanaanguliwa, na viluwiluwi visivyoonekana kwa macho vinamtafuta konokono. Ndani yake vinazaana kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa wingi na kuogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Vina siku moja au mbili tu za kuishi. Vikikupata, hupenya kwa dakika chache, na huenda usihisi chochote. Vinatoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambao watu hupenda kuogelea.

Sasa uitazame Sanje kwa macho hayo. Juu ya maporomoko hakuna kijiji, kwa hiyo hakuna choo kinachovuja wala watu wanaojisaidia mtoni. Konokono hawa hupenda maji yaliyotulia, yenye joto, mwanga na majani ya kujishikiza. Mto wa msituni una kivuli, una baridi, na mkondo wake unawakokota. Kati ya vitu vitatu vinavyohitajika, kimoja hakipo na kingine hakipendi mahali hapo. Teremka hadi kwenye mfereji wa shamba la mpunga na mambo yanageuka: maji yametulia, jua linawaka, konokono wamejaa, na watu wanaingia majini kila siku kwa sababu ndiko riziki yao iliko. Mkulima wa bondeni hana hiari ya kuchagua bwawa.

Hata hivyo juu ni salama zaidi, si salama kwa asilimia mia. Nyani wa Hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, wamewahi kukutwa na minyoo wa kichocho cha tumbo, kwa hiyo kutokuwapo kwa watu peke yake si kinga kamili. La busara ni kuchagua maji yanayokwenda, yenye kivuli, mbali na majani ya majini, na kumsikiliza mwongozaji kuhusu bwawa gani huogelewa na lipi huachwa. Aliyeingia kwenye maji ya kutilia shaka apime baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu kipimo cha mapema mno kinaweza kukosa kuona kitu. Dawa ya prazikwanteli ipo na hutibu vizuri.

Geuza jiwe

Kuna kipimo kingine cha usafi wa maji ambacho kila mtu anaweza kukifanya kwa mikono yake. Kwenye mdomo wa bwawa, mahali maji yanapopita juu ya kokoto, chukua jiwe la ukubwa wa ngumi, ligeuze taratibu, utazame tumbo lake kabla halijakauka.

Kwenye mto safi utaona viumbe vikikimbia kujificha na mwanga. Wengine ni bapa, wamejibana kwenye jiwe, na nyuma wana mikia mitatu myembamba kama nyuzi. Pembeni mwa tumbo lao yanachezacheza matamvua madogo sana, ndiyo wanayotumia kuvuta hewa iliyomo majini. Wengine wamejijengea vijumba vya chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja, na wameshikilia jiwe kama wapangaji wasiotaka kuhama. Unaweza pia kumkuta mtoto wa kereng'ende, au kaa mdogo wa mtoni akirudi kinyumenyume kwenye ufa. Wengi wa wadudu hawa huhitaji maji yenye oksijeni nyingi na hawavumilii uchafu. Mto ukianza kupokea kinyesi, sabuni au matope, wao ndio wa kwanza kutoweka, na nafasi yao inachukuliwa na vinyoo vyembamba vyekundu vinavyoweza kuishi penye hewa kidogo.

Wataalamu wa mito hutumia elimu hiyo hiyo kwa njia rasmi. Tanzania ina mfumo wake wa kuipa mito alama kwa kuangalia wadudu wanaopatikana, unaojulikana kwa kifupi kama TARISS. Uzuri wa kipimo cha namna hii ni kwamba mdudu ameishi pale kwa wiki au miezi, kwa hiyo anatoa ushahidi wa muda wote huo, wakati chupa ya maji inaeleza hali ya dakika ile tu. Ukimaliza kutazama, rudisha jiwe kama lilivyokuwa, tumbo chini.

Hatari ambazo usafi hauziondoi

Maji safi huua pia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wetu tumekua bila kufundishwa kuogelea. Bwawa la porini si mahali pa kujifunzia.

Hatari ya kwanza ni kudanganywa na jicho. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, na sakafu ya bwawa huonekana iko karibu kuliko ilivyo. Ukitazama kutoka juu moja kwa moja, kina unachokiona ni kama robo tatu ya kina halisi. Bwawa linaloonekana la mita moja na nusu lina mita mbili, na kwa asiyejua kuogelea tofauti hiyo ni ya uhai. Maji yakiwa maangavu zaidi, ndivyo mtu anavyoamini zaidi anachokiona.

Ya pili ni povu jeupe chini ya maporomoko. Linavutia kupiga picha, lakini jeupe lile ni hewa iliyochanganyika na maji, na maji yenye hewa nyingi hayambebi mtu vizuri. Zaidi ya hapo, maji yanayoanguka huzama, hutambaa chini, kisha sehemu yake hurudi kuelekea yanapoangukia. Mtu aliyeingia kwenye mzunguko huo huvutwa upande ule ule anaojaribu kuukimbia. Kaa mahali ambapo unaona miguu yako.

Ya tatu ni mvua usiyoiona. Mlima ni mrefu, na huko juu inaweza kunyesha huku ninyi mkiota jua kwenye jiwe. Mto unatoa dalili kabla haujafura: maji yanaanza kupoteza uangavu, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, mawe yaliyokuwa makavu pembeni yanalowa, na sauti ya maporomoko inakuwa nzito. Ukiona hata mojawapo, toka upande ule ulioingilia, usingoje kukusanya vitu. Kuanzia Machi hadi Mei tahadhari hii iwe mara mbili, na ni kawaida kuambiwa siku nyingine kwamba leo hatuogelei.

Ya nne ni mwili wenyewe. Aliyetoka kupanda mlima kwenye joto akajitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, pumzi humkatika na hupiga mhemo wa ghafla. Mhemo huo ukimkuta kichwa kiko chini ya maji, anavuta maji. Pumzika kwanza, lowanisha mikono, shingo na kifua, kisha ingia.

Si kila maji maangavu ni ya kuogelea

Sheria ya kutazama juu haifanani kila mahali, na mifano miwili ya kwingineko inaonyesha hivyo. Chemka, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, hailetwi na mto wa juu ya ardhi. Ni chemchemi ya maji vuguvugu yanayofika baada ya safari ndefu ndani ya ardhi, yakatokea katikati ya nyika kavu, chini ya mikuyu yenye mizizi iliyoning'inia majini. Kinachoyaamua maji yale ni mvua iliyoanguka mbali, pamoja na visima vinavyochimbwa kati ya huko na hapa. Mzima, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, hupata maji kutoka Milima ya Chyulu. Mvua ya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkeno, huchujwa humo, na kutokea Mzima ikiwa maji maangavu kiasi kwamba pamejengwa chumba cha kutazamia samaki chini ya maji. Sehemu ya maji hayo hupelekwa Mombasa kwa bomba. Lakini Mzima ni makao ya viboko na mamba, na hakuna anayeruhusiwa kuogelea.

Uangavu, basi, unakuambia maji yamechujwa. Haukuambii nani mwingine anaishi ndani yake. Kwa Sanje, mwinuko wa mlima na maporomoko yenyewe hufanya mahali pale pasiwafae viboko na mamba, ambao hupenda mito mipole ya bondeni. Tambarare ya Kilombero ni habari nyingine.

Mgeni naye hutia kitu mtoni

Mpaka hapa tumezungumzia mto unachomfanyia mtu. Upande wa pili una ushahidi mkali, na umetoka kwenye milima hii hii.

Mwaka 1996, kwenye korongo la Mto Kihansi, kusini mwa Udzungwa, wataalamu walimgundua chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye urefu wake ni kama sentimita mbili, na ambaye huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Dunia yake nzima ilikuwa vieneo vichache vya majani vilivyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, ambavyo vikijumlishwa havizidi hekta chache. Mwaka 2000 bwawa la kuzalisha umeme lilipoanza kufanya kazi, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa njia na manyunyu yakapungua ghafla. Mitambo ya kunyunyizia maji ikawekwa, na vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakaporomoka kwa idadi, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulikutwa pale. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Uzao wa waliotunzwa nje ulianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Kisa hicho kinamhusu muogeleaji kwa sababu moja. Chura hunywa na kupumua kwa ngozi. Chochote kilichomo majini kinaingia mwilini mwake bila kubisha hodi: sabuni, mafuta ya kujipaka, dawa ya mbu. Na kuvu inayoua vyura inaweza kusafiri kwenye tope la viatu kutoka mto mmoja hadi mwingine. Hivyo basi, anayekwenda Sanje asugue viatu vyake na kuvikausha kabla ya safari. Asijipake kitu muda mfupi kabla ya kuingia majini. Avae shati la mikono mirefu njiani badala ya kujimwagia dawa. Asiogee kwa sabuni, hata ile inayotangazwa kuwa ya asili. Ganda la ndizi na mfuko wa karanga virudi naye. Haja ndogo na kubwa zifanyike mbali na mto, kwa sababu mzunguko wa kichocho tuliouona huanza na mtu mmoja tu.

Kuni za Mang'ula

Limebaki jambo ambalo wageni wengi hawaelezwi. Msitu unaolinda bwawa haujilindi bure, na gharama hailipwi na wanaoogelea peke yao.

Kwa miaka mingi wanavijiji wa upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa. Sababu za kiikolojia zinaeleweka: miti iliyokufa ni chakula cha udongo ule unaopokea mvua, na watu wengi wakiingia kila wiki njia huzidi, mitego huongezeka na miti mibichi nayo huguswa. Lakini kwa mama anayepika kwa kuni, uamuzi ule ulimaanisha kununua alichokuwa akiokota, au kutembea mbali zaidi kukitafuta. Vijiji vile vimebanwa kati ya mlima na mashamba makubwa ya miwa, na nafasi ya kupanda miti yao ni ndogo. Kulisema hili si kuipinga hifadhi. Ni kutaja deni.

Na deni ni la wengi. Maji ya Sanje huingia Kilombero, Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndio unaojaza Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Taa inayowaka Dar es Salaam, sukari iliyomo kwenye chai na mpunga wa Ifakara vyote vinadai kitu kwenye msitu ule ule ambao mwanakijiji ameambiwa asiuguse. Ni haki basi kwamba wanaofaidika wachangie pakubwa: miche ya miti ikuayo haraka na ardhi ya kuipanda, majiko yanayotumia kuni chache, gesi kwa taasisi ambazo bado zinapika kwa magogo, na sehemu ya ada za langoni ionekane kijijini kwa macho.

Mgeni mmoja hawezi kuyafanya yote hayo, lakini si kweli kwamba hana la kufanya. Anaweza kulala kwenye nyumba ya wageni ya kijijini, akala kwa mama lishe wa pale, akamlipa vizuri mwongozaji aliyezaliwa chini ya mlima ule. Anaweza kumuuliza kuni za kijiji hutoka wapi siku hizi, na kulibeba jibu hadi mahali maamuzi yanapofanyika. Sanje itaendelea kuogeleka iwapo majirani zake watakuwa na sababu yao wenyewe ya kutaka msitu usimame, na sababu hiyo lazima iingie jikoni mwao, kama yetu inavyoingia bwawani.